Percy, Harry, Sunny au Zélie: uanze na nani kama hujawahi kumaliza riwaya ya Kiingereza

Mdogo wangu wa Wete, Pemba, kanitumia voisi noti usiku wa manane, eti "Dada, na mie nataka kusoma hivyo vitabu vya uchawi na majoka unavyosoma wewe, nianze na kipi?" Yupo kidato cha pili, ngano za bibi anazijua zote kuanzia za zimwi mpaka za kijana aliyeoa jini, lakini riwaya ya Kiingereza hajawahi kumaliza hata moja, akifika ukurasa wa 15 anasema kichwa kinamuuma analala. Nikaanza kumjibu nikaona jawabu linarefuka, nikasema bora niliandike vizuri mara moja, mana suali hili naulizwa na wengi na wengi wameshajibiwa "soma Harry Potter" kwa mkato, kama vile vyengine havijaandikwa.

Nikwambieni kwanza mie nilivyoanza. Nilikuwa kidato cha kwanza, napita Darajani, sokoni mjini Unguja, kuna mtu katandika turubai chini kapanga vitabu vya mtumba, nikaona Harry Potter and the Goblet of Fire, kinene hasa, jalada limepinda, elfu 5. Nikakilipia mbio mbio nisije nikawahiwa. Hakuna aliyenambia kuwa hicho ni cha nne katika saba. Nakifungua nyumbani, sura ya kwanza kuna mzee anaitwa Frank, mtunza bustani, mguu wake mmoja mgumu, usiku goti linamsumbua anaamka kuchemsha maji atie kwenye chupa ya kujikandia, mara anachungulia nje anaona mwanga kwenye jumba lisilokaa mtu, anajua ni watoto watundu wameingia. Nikakaa na kamusi siku tatu. Nikamjua yule mzee kama babu yangu, nikajua mguu wake, nikajua watu wa kijijini wanavyomsema vibaya, nikaona sawa, huyu ndo bwana wetu wa hadithi. Sura inaisha, kauliwa. Na huyo Harry mwenyewe sijamuona hata kisogo! Nikakisukuma chini ya godoro kikakaa huko karibu mwaka.

Kitabu hakina kosa, mie ndo nilidandia gari katikati ya njia. Ila tangu siku hiyo mtu akiniomba ushauri siangalii kitabu gani maarufu wala kipi kina filamu. Naangalia nani anasimulia, na ukifika ukurasa wa kumi unakuwa umeshabebeshwa mizigo mingapi, yaani majina mageni, maneno ya kubuni ambayo kamusi haina, nchi usiyoijua, utani usiouelewa. Mtu aliyezoea anabeba vyote huku anacheka. Anayeanza akibebeshwa vinne kwa pamoja anaangusha, halafu anajiona yeye mjinga, na si mjinga.

Nimechagua vinne vya kulinganisha kwa sababu hivyo nimevisoma mwenyewe mpaka mwisho na vyote ni vya kwanza katika mfululizo wake, si kama kile changu cha Darajani.

Percy Jackson kwanza. The Lightning Thief kilitoka 2005, kaandika Rick Riordan, Mmarekani aliyekuwa mwalimu, na hadithi yenyewe ilianza kwa kumsimulia mwanawe wa kiume wakati wa kulala, mtoto ambaye kusoma kulikuwa kunampa tabu. Ndo mana Percy naye kapewa tabu ile ile, akitizama ukurasa herufi zinamuogelea. Ana miaka 12, anafukuzwa skuli kila mwaka, na anasimulia kwa mdomo wake mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa kwanza anakwambia kama unajihisi wewe ni mmoja wetu, yaani mtoto wa mungu wa Kigiriki na binaadamu, basi funga kitabu hiki sasa hivi. Sura ya kwanza jina lake ni sentensi nzima, inasema jinsi alivyomgeuza mwalimu wake wa hesabu kuwa mvuke kwa bahati mbaya. Sasa nani ataacha kuisoma hiyo? Wanapelekwa makumbusho mjini New York, kuna msichana mmoja mchokozi anamrushia rafiki yake Percy vipande vya sandwichi ya siagi ya karanga na tomato sosi, Percy anavumilia anavumilia mpaka anashindwa, na hapo ndo mambo yanapoanza. Sentensi fupi, Kiingereza cha mdomoni, mtu anaongea na wewe kama mmekaa barazani. Mie nilikimaliza siku tisa, na ndani ya siku hizo kulikuwa na mtihani.

Kasoro yake ni utani. Nusu ya utani ule ni wa Kimarekani na unakupita juu ya kichwa. Mfano, makao ya miungu ya Kigiriki yako ghorofa ya 600 ya jengo la Empire State Building. Mie nikasoma nikasema sawa, ghorofa 600, Marekani hao, wana majengo marefu. Miezi baadae ndo nikajua lile jengo lina ghorofa 102, kwa hiyo hapo nilitakiwa nicheke. Kitu kama hicho hakikuzuii kusonga mbele lakini kinakupotezea raha. Miungu yenyewe usiiogope, huhitaji kuijua kabla, kila anayetokea Percy anakuelezea kwa mstari mmoja mwepesi na unaendelea.

Harry Potter sasa, lakini cha kwanza jamani, cha KWANZA, Harry Potter and the Philosopher's Stone cha mwaka 1997. Kina raha yake kubwa, kwamba Harry naye hajui kitu. Kila anachokiona ndo mara yake ya kwanza, kwa hiyo unajifunza pamoja naye, duka la fimbo za uchawi, treni, skuli ya bweni, na sisi wa dakhalia mambo ya kugawana nyumba na kupokonywa pointi hatuyaoni mageni. Na wengi mshaona filamu, ziko 8, za kuanzia 2001 mpaka 2011, sura za watu mnazijua, hilo linasaidia kuliko watu wanavyokubali, mana ukikwama kwenye aya unaikumbuka picha unapita.

Lakini nani anasimulia? Hapa hakuna mtu anayeongea na wewe, kuna msimuliaji wa mbali mwenye kejeli za Kiengereza za pole pole, sentensi ndefu, nusu ya kwanza ya sura ya mwanzo inahusu mjomba mkurugenzi wa kampuni ya kutengeneza mashine za kutobolea na wachawi wanaonekana kwa mbali tu. Halafu anakuja Hagrid. Yule jitu nampenda mpaka kesho, ila mwandishi kaandika matamshi yake ya kijijini kama yalivyo, maneno yamekatwa mikia, yamepinda, "yeh" na "ter" na mengineyo, ukiyatafuta kwenye kamusi hayamo. Mtu wa kidato cha pili anayesoma na kamusi mkononi atakaa ukurasa mmoja nusu saa akiamini Kiingereza chake ndo kibovu. Dawa yake ni kusoma maneno ya Hagrid kwa sauti, utashangaa yanafahamika, lakini lazima awepo wa kukwambia hivyo.

Jambo jengine ni urefu. Toleo la Uingereza kitabu cha kwanza kina kurasa 223, cha tano kina 766. Vinakua na wewe, sawa, ila ukishaingia umeingia, si mfululizo wa kusoma viwili ukaacha. Percy vile vitano vya mwanzo, vya 2005 hadi 2009, havitofautiani sana unene, na kila kimoja kina safari yake inayoanza na kuisha.

Sasa Sunny. Hapa naomba mnivumilie, nna mapenzi.

Akata Witch kilitoka 2011, kaandika Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Sunny ana miaka 12 kama Percy, kazaliwa New York lakini anaishi Aba, Nigeria, na ni mwenye ualbino. Anapenda mpira kufa na anajua kuucheza, lakini jua linamzuia, kwa hiyo anakaa anawatizama wenzake. Kitabu kinafunguka umeme umekatika, Sunny kawasha mshumaa anaukodolea macho, na ndani ya ule moto anaona mwisho wa dunia. Mie nilisoma hapo na umeme kwetu umekatika kweli, simu asilimia kumi na mbili, taa ya kuchaji inafifia. Nikajisogeza mbali na mlango.

Lakini kilichonimaliza ni skuli. Sura ya kwanza mwalimu kasahihisha insha, wengi darasani wamefeli, Sunny kapata alama ya juu kuliko wote, mwalimu kakasirika anampa Sunny bakora awachape wenzake. Hebu fikirini. Wewe uliyefaulu ndo uwachape. Sunny hawezi, na baada ya skuli wenzake wanamngoja nje. Hapo hakuna hata neno moja la uchawi bado, na mtoto yeyote aliyesoma skuli za kwetu anaijua harufu ya hicho chumba cha darasa, anajua wanafunzi wanavyotizama chini, anajua utaulizwa "mbona ulijibu" na hukujibu. Yaani mzigo wa nchi ngeni haupo. Unabaki mzigo wa uchawi tu, na huo ndo uliokuja kuubeba.

Na uchawi wake ndo mzuri kupita vyote vinne. Kuna pesa zinaitwa chittim, vipande vya chuma vilivyopinda, na huzipati kwa kuiba wala kwa kurithi. Ukijifunza kitu, zinadondoka kutoka juu, papo hapo, mbele ya miguu yako. Ukijifunza kitu kikubwa zinadondoka nyingi. Na za shaba ndo zenye thamani kuliko za dhahabu! Kwenye Harry utajiri anaukuta umeshawekwa benki na wazee wake, kwenye Percy ubwana unatokana na baba yako ni nani, hapa mtoto anafahamu somo na mbingu zinamlipa. Ningeipata hiyo kidato cha nne hesabu nisingepata D.

Lugha yake? Katikati. Si nyepesi kama ya Percy, hasimulii Sunny mwenyewe isipokuwa mwanzoni, lakini ni Kiingereza kilichonyooka, hakina kejeli zilizofichwa wala matamshi yaliyopindwa kama ya Hagrid. Kuna maneno ya Kiigbo hapa na pale, na katikati ya sura kuna vipande vya kitabu cha kubuni, mwongozo wa wageni wa uchawi, mwandishi wake mjuba kweli kweli anawadharau wasomaji wake, mdogo wangu nilimwambia avipite kama vinamchosha atavirudia. Kasoro kubwa ninayoiona ni mwisho, unakwenda haraka, yule adui mkubwa wamemtaja kitabu kizima halafu pambano lenyewe linaisha kama mechi iliyokatizwa na mvua. Viko viwili vyengine, Akata Warrior cha 2017 na Akata Woman cha 2022, ukipenda unaendelea.

Zélie simwekei muda mrefu, si kwa sababu mbaya. Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, 2018, ni kitabu kikali na hakifai kuanzia. Wanasimulia watatu kwa zamu, Zélie, binti mfalme Amari, na kaka yake Amari anaitwa Inan, kila mmoja anasema "mimi", kwa hiyo usipoangalia jina juu ya sura utajikuta uko kichwani mwa mtu mwengine na huna habari. Kinazidi kurasa 500, kuna damu nyingi, mateso, mama mtu kauliwa mbele ya wanawe. Majina na maneno ya Kiyoruba yanakuja kwa mkupuo. Ila kwa mtu wa pwani kina kitu ambacho hivyo vyengine havina. Zélie anatoka kijiji kinachoelea juu ya maji, baba yake mvuvi, wanadaiwa kodi na hawana, basi yeye na kaka yake wanabeba sulisuli mmoja wa thamani wampeleke Lagos wakamuuze kwa matajiri. Ile sehemu ya kupatana bei ya samaki, mie nilikuwa naona mnada wa samaki wa Malindi, Unguja, asubuhi. Kama ushasoma viwili vitatu na una miaka 15, 16 na kuendelea, kichukue, kitakukesha. Kama unaanza, kiache kabatini kwanza.

Haya, na hili tulizungumze mana kwetu halikwepeki. Wazee wakiona neno witch juu ya jalada patachimbika. Mama yangu alikiona changu juu ya meza ya chakula, tena Ramadhani, kauliza kwa upole ule wa hatari, "Hichi nacho mmepewa skuli?" Nikamkalisha nikamsomea ile ya mwalimu na bakora nikimfasiria, akasikiliza mpaka mwisho akasema huyo mwalimu hana adabu, basi yakaisha. Hichi kitabu kwa wachapishaji wa Nigeria kiliitwa What Sunny Saw in the Flames, kitabu ni kile kile, kwa hiyo ukiliona jina hilo mahali usidhani ni kingine, na kwa nyumba nyengine jina hilo linaingia mlangoni bila kelele. Percy naye ana miungu kila kona, lakini mle ndani kuna mwalimu wao anasema wazi kuwa suala la Mungu mwenyewe ni jengine kabisa na hawaligusi, wao wanazungumzia hao wakubwa wa hadithi za Kigiriki. Zélie ndo mgumu hapo, mana uchawi wake umefungamana na dini ya Wayoruba ambayo watu wanaifuata kweli hadi leo. Mie nasoma kama hadithi na imani yangu iko pale pale, lakini kila mtu anajua nyumba yake.

Na wale wanaosema mambo haya ya kizungu, kwani hamjasoma Adili na Nduguze? Shaaban Robert, 1952, ndugu wawili wamegeuzwa manyani na kila usiku lazima wachapwe, tena anayewachapa ni ndugu yao na anaumia. Kama hiyo si fantasia sijui ni nini. Kiswahili chake kizito ila ni cha kwetu, na ni chembamba, unaweza kukisoma sambamba na Percy ukapumzisha ubongo. Ila msiingie mtego wangu mwengine, niliona jina Kisima cha Giningi nikajua leo naenda kwa wachawi wa Pemba kwenyewe, kumbe ni Bwana Msa, yule mpelelezi mvuta kiko wa Muhammed Said Abdulla, hadithi ya upelelezi ya 1968. Tamu sana, ila ukienda kutafuta uchawi utarudi na kiko na maswali.

Kwa hiyo kuchagua. Kama unachukia kusoma, unasoma kwa kulazimishwa, Kiingereza chako cha kuungaunga na unataka kwanza uonje raha ya kumaliza kitabu, chukua Percy, usibishane na mtu. Kama filamu za Harry ushaziona mara tatu na una mtu wa kumuuliza nyumbani, anza na Harry wa kwanza, na usinunue kitabu chochote chini ya turubai kabla hujaangalia ni cha ngapi. Kama uko kidato cha tatu cha nne na unapenda mambo mazito, Zélie, ila si cha mwanzo. Kama wewe ni mtoto wa ngano, uliyelelewa na bibi anayejua kusimulia, unayetizama mti wa mbuyu usiku ukapiga hatua mbili nyuma, chukua Sunny hata kama Percy ni mwepesi zaidi. Mie naona wepesi wa lugha unakufikisha ukurasa wa 50, kutoka hapo unavutwa na kutaka kujua, na mtu hutaka kujua zaidi yanayomgusa. Wengine watanibishia hapo, kuna rafiki yangu yeye kila mtoto anampa Percy na watoto wake wanamaliza, siwezi kusema kakosea.

Halafu someni karatasi kama inapatikana. Kwenye simu unasoma mistari miwili meseji inaingia. Maktaba kuu Maisara nako mwende mkaulizie, kuuliza ni bure, na kama una ndugu anafanya kazi hoteli huko Paje au Nungwi mwambie afungue macho, wageni wanasoma wakimaliza wanaacha chumbani. Sunny wangu nimempata hivyo, kurasa za mwisho zina mchanga mpaka leo.

Basi mdogo wangu nimempelekea huyo huyo. Nimekivalisha karatasi ya kaki kama daftari la skuli, nikaandika jina lake mbele, nikampa jirani aliyekuwa anapanda boti ya Mkoani. Wiki nzima kimya. Nikasema tayari, ukurasa wa 15, kichwa kinamuuma. Juzi ndo kaleta voisi noti ya dakika nne, anahema, kafika pale chittim zinapoanza kudondoka. Anasema kasoma aya moja bila kamusi, akaifahamu yote, na pale pale akasikia kitu kimegonga bati puu, akatoka nje mbio na kanga moja. Kumbe embe.